Tanzania Prisons mjini Sumbawanga

Tanzania Prisons mjini Sumbawanga ni kipindi ambacho klabu ya soka ya Tanzania Prisons, yenye maskani yake jijini Mbeya, ilitumia Uwanja wa Nelson Mandela wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, kuwa uwanja wake wa nyumbani katika Ligi Kuu Tanzania Bara. Kipindi hicho kilianza katika msimu wa 2020/21 na kilikwisha kabla ya msimu wa 2021/22 kumalizika, timu iliporejea kwenye Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya.

Ingawa kilikuwa kifupi, kipindi hicho kiliwapa wakazi wa Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa nafasi ya kuona mechi za Ligi Kuu mjini kwao, zikiwemo zile za vigogo Simba na Yanga. Tarehe 22 Oktoba 2020 Prisons iliifunga Simba bao 1-0 katika uwanja huo. Hicho kilikuwa kipigo cha kwanza cha Simba katika msimu ambao hatimaye ilitwaa ubingwa.

## Mji na mazingira yake

Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974. Mji uko katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Rukwa upande wa mashariki, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki wa mji kuna safu ya milima ya Mbizi. Wenyeji wa eneo hilo ni Wafipa, na jina la mji hutafsiriwa kutoka Kifipa kuwa "tupa uchawi".

Katika sensa ya mwaka 2012 Manispaa ya Sumbawanga ilikuwa na wakazi 209,793. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 303,986 katika manispaa, na 1,540,519 katika mkoa wote. Wengi wao ni wakulima, na mkoa unajulikana kwa kuzalisha mahindi kwa wingi, pamoja na maharage, ulezi na alizeti.

Kwa muda mrefu safari ya kwenda Sumbawanga ilikuwa ngumu, hasa wakati wa masika. Hali ilibadilika baada ya barabara ya kutoka Tunduma kupitia Laela, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, kujengwa kwa lami. Hata hivyo umbali haukupungua: kutoka Mbeya hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Timu inayotoka Dar es Salaam inaweza kwenda kwa ndege hadi Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, lakini kutoka hapo hubaki saa kadhaa za safari ya basi.

## Klabu

Tanzania Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza. Kama ilivyo kwa timu nyingine za majeshi, mashabiki huwaita wachezaji wake "maafande", na timu ina jina la utani la "Wajelajela". Mafanikio yake makubwa ni ubingwa wa Ligi ya Muungano wa mwaka 1999. Kwa miaka mingi uwanja wake wa nyumbani umekuwa Uwanja wa Sokoine, ambao huutumia pamoja na klabu ya Mbeya City.

Msimu wa 2020/21 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na timu tatu katika Ligi Kuu: Tanzania Prisons, Mbeya City na Ihefu ya Mbarali, iliyokuwa imepanda daraja mwaka 2020. Ihefu nayo ilianza msimu huo ikitumia Uwanja wa Sokoine. Mkoa wa Rukwa, kwa upande wake, haukuwa na timu hata moja kati ya timu 18 za ligi hiyo.

Jeshi la Magereza si geni mkoani Rukwa. Gereza la Mollo, linalojulikana kwa kilimo, liko katika eneo la Sumbawanga.

## Fainali ya mwaka 2020

Kabla ya Prisons kuhamia Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela ulikuwa umekwisha kuonekana nchi nzima. Tarehe 2 Agosti 2020 ulikuwa mwenyeji wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports kati ya Simba na Namungo.

Tangu mashindano hayo yaliporejeshwa katika msimu wa 2015/16, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) limekuwa likipeleka fainali katika mikoa mbalimbali. Fainali ya 2017 ilichezwa Dodoma, ya 2018 Arusha na ya 2019 Lindi. Baada ya Sumbawanga mwaka 2020, fainali ya 2021 ilipelekwa Kigoma.

Simba ilifika Sumbawanga ikiwa tayari bingwa wa Ligi Kuu. Ubingwa huo iliupata tarehe 28 Juni 2020 kwa sare ya 0-0 dhidi ya Tanzania Prisons kwenye Uwanja wa Sokoine. Katika nusu fainali ya kombe iliifunga Yanga mabao 4-1. Namungo, timu kutoka Ruangwa mkoani Lindi, ilikuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, na ilifika fainali kwa kuitoa Sahare All Stars ya Tanga.

Simba ilishinda mabao 2-1. Luis Miquissone na John Bocco waliifungia Simba katika kipindi cha kwanza, na Edward Manyama akaifungia Namungo katika kipindi cha pili. Kwa kuwa Simba ilikuwa na nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika, Namungo iliwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilifika hatua ya makundi.

## Msimu wa 2020/21

Ligi Kuu ya msimu wa 2020/21 ilianza Septemba 2020, mwezi mmoja tu baada ya fainali hiyo. Tanzania Prisons ilianza msimu ikiwa na kocha Salum Mayanga, aliyewahi kuifundisha timu ya taifa, Taifa Stars. Mechi zake za nyumbani zilichezwa Sumbawanga, zikiwa na mashabiki uwanjani, wakati ambapo katika nchi nyingi duniani viwanja vilikuwa bado vimefungwa kwa watazamaji kutokana na janga la UVIKO-19.

### Prisons 1-0 Simba

Mchezo uliokumbukwa zaidi ulichezwa Alhamisi tarehe 22 Oktoba 2020. Simba ilifika ikiwa bingwa mtetezi na haikuwa imepoteza mchezo wa ligi tangu msimu kuanza. Kipindi cha kwanza kilimalizika bila bao. Katika kipindi cha pili mshambuliaji Samson Mbangula aliifungia Prisons bao pekee, na wenyeji wakalilinda hadi mwisho.

Siku nne baadaye Simba ilifungwa tena, safari hii na Ruvu Shooting jijini Dar es Salaam, pia kwa bao 1-0. Hata hivyo ilijirekebisha na kumaliza msimu ikiwa bingwa kwa pointi 83.

### Prisons na Yanga

Yanga ilikwenda Sumbawanga kwa mara ya kwanza katika kipindi hiki tarehe 31 Desemba 2020. Mchezo ulimalizika kwa sare ya 1-1. Kwa hiyo katika mzunguko wa kwanza wa ligi vigogo wote wawili wa Dar es Salaam waliondoka Sumbawanga bila ushindi.

Timu hizo zilikutana tena katika uwanja huohuo mwishoni mwa Aprili 2021, katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports. Yanga ilishinda 1-0 na kusonga mbele hadi fainali ya Kigoma, ambako ilifungwa 1-0 na Simba tarehe 25 Julai 2021.

Mwisho wa msimu timu nne zilishuka daraja: Gwambina, JKT Tanzania, Ihefu na Mwadui. Prisons ilibaki Ligi Kuu.

## Msimu wa 2021/22

Katika msimu wa 2021/22 idadi ya timu za Ligi Kuu ilipunguzwa kutoka 18 hadi 16. Mkoa wa Mbeya uliendelea kuwa na timu tatu, kwa kuwa Ihefu ilishuka na Mbeya Kwanza ikapanda.

Tarehe 19 Desemba 2021 Prisons iliikaribisha Yanga Sumbawanga. Mbangula, aliyekuwa ameifunga Simba mwaka uliotangulia, aliipatia Prisons bao la kuongoza. Yanga ilisawazisha kupitia Feisal Salum, kisha Khalid Aucho akafunga la pili, na mchezo ukamalizika kwa mabao 2-1. Yanga ilimaliza msimu huo ikiwa bingwa kwa pointi 74 bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi.

Kabla ya msimu kumalizika Prisons ilikuwa imerejea Mbeya. Simba ilipokwenda kucheza nayo mwezi Juni 2022, mchezo ulifanyika kwenye Uwanja wa Sokoine, na Prisons ilishinda tena kwa bao 1-0. Ushindi huo haukutosha kuiokoa na mechi za mchujo. Prisons ilibaki Ligi Kuu baada ya kuishinda JKT Tanzania katika mchujo, na kuanzia hapo ilicheza msimu wa 2022/23 ikiwa timu ya Mbeya na uwanja wake ukiwa Sokoine.

## Mechi kubwa katika Uwanja wa Nelson Mandela, 2020–2021

- 2 Agosti 2020: Simba 2-1 Namungo (fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports)
- 22 Oktoba 2020: Tanzania Prisons 1-0 Simba (Ligi Kuu)
- 31 Desemba 2020: Tanzania Prisons 1-1 Yanga (Ligi Kuu)
- Aprili 2021: Tanzania Prisons 0-1 Yanga (Kombe la Shirikisho la Azam Sports, 16 bora)
- 19 Desemba 2021: Tanzania Prisons 1-2 Yanga (Ligi Kuu)

## Uwanja wa nyumbani na faida zake

Kila klabu ya Ligi Kuu hutaja uwanja wake wa nyumbani kabla ya msimu, na uwanja huo hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kutumika. Vinavyoangaliwa ni pamoja na sehemu ya kuchezea, vyumba vya wachezaji na waamuzi, uzio na usalama wa watazamaji. Kanuni haziilazimishi klabu kucheza katika mji inakotoka. Ndiyo maana timu ya Mbeya iliweza kuwa mwenyeji Sumbawanga.

Kwa utaratibu wa Ligi Kuu, mapato ya mlangoni huenda kwa timu mwenyeji baada ya makato. Kwa klabu nyingi za mikoani, mechi mbili zenye mapato makubwa zaidi kwa mwaka ni zile za Simba na Yanga, kwa sababu timu hizo zina mashabiki kila mkoa. Katika mji ambao huziona mara chache, mechi hizo huvuta watu kutoka wilaya za jirani. Kwa Sumbawanga wilaya hizo ni Kalambo, ambayo makao yake makuu ni Matai, na Nkasi, ambayo makao yake makuu ni Namanyere. Wafanyabiashara wa nyumba za wageni, mama lishe, madereva wa bodaboda na wauzaji wa jezi hupata kipato kutokana na ugeni huo.

Mwinuko wa ardhi pia una athari yake. Katika mita 1,800 hewa ni nyepesi kuliko pwani, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mchezaji anayetoka Dar es Salaam na kucheza siku chache baada ya kufika huweza kuchoka mapema, na mpira hupaa kwa kasi kidogo zaidi. Wachezaji wa Prisons hawakuwa na tatizo hilo, kwa sababu Mbeya nayo iko katika nyanda za juu. Kwao ugumu ulikuwa safari: kila mchezo wa "nyumbani" ulichezwa zaidi ya kilomita 300 kutoka maskani yao.

## Timu mgeni na timu ya mji

Kuwa mwenyeji wa timu ya Ligi Kuu si sawa na kuwa na timu katika Ligi Kuu. Prisons ilikuwa Sumbawanga kwa uamuzi wa klabu, na iliondoka kwa uamuzi wa klabu. Nafasi yake katika ligi ilikuwa mali yake popote ilipocheza. Ilipoondoka, Ligi Kuu iliondoka Sumbawanga siku hiyohiyo, bila timu yoyote ya mkoa kushuka daraja.

Njia ya timu ya mkoa kufika Ligi Kuu ni ndefu. Huanza na ligi ya wilaya, kisha ligi ya mkoa, ambayo kwa Rukwa husimamiwa na Chama cha Soka Mkoa wa Rukwa (RUREFA). Bingwa wa mkoa hucheza Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Washindi wake huingia katika daraja ambalo awali liliitwa Ligi Daraja la Pili na tangu msimu wa 2021/22 huitwa First League. Juu yake ipo Ligi ya Championship, iliyochukua nafasi ya Ligi Daraja la Kwanza, na timu bora za ngazi hiyo ndizo hupanda Ligi Kuu. Kila hatua huongeza gharama za usafiri, malazi na posho, na kwa timu ya Rukwa safari nyingi za ugenini ni za mamia ya kilomita.

Mifano kutoka sehemu nyingine za Tanzania inaonyesha matokeo tofauti:

- Tukuyu Stars ya Rungwe, mkoani Mbeya, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 na kushuka daraja msimu uliofuata. Ni timu ya mji mdogo iliyopanda kwa nguvu zake, na ubingwa wake bado hutajwa kuwa wa Tukuyu.
- Namungo ilipanda kutoka madaraja ya chini hadi Ligi Kuu mwaka 2019, ikiwa na uwanja wake Ruangwa. Mwaka mmoja baadaye ilicheza fainali ya kombe mjini Sumbawanga.
- Ihefu ilipanda mwaka 2020, ikashuka 2021 na kupanda tena 2022. Mwaka 2024 ilihamia Singida na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars, na Mbarali ikabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Sumbawanga inakaribiana na Mbarali kwa kuwa timu iliondoka wakati mashabiki wakiwa bado wapo. Tofauti ni kwamba Ihefu ilizaliwa Mbarali, wakati Prisons ilikuwa mgeni tangu mwanzo na haikubadilisha jina wala maskani.

## Umuhimu

Kipindi cha 2020 hadi 2022 kilionyesha kwamba Sumbawanga inaweza kuandaa mechi za ngazi ya juu: fainali moja ya kombe la taifa, mechi za Ligi Kuu katika misimu miwili, na ziara za Simba na Yanga. Mechi kubwa za Ligi Kuu hurushwa moja kwa moja na televisheni ya Azam, hivyo mji ambao wengi waliujua kwa jina tu ulionekana nchini kote.

Kwa vijana wa Ufipa kilikuwa pia kipindi cha kuona kwa macho kiwango cha mchezo ambacho kwa kawaida hukiona kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira. Ushindi wa Oktoba 2020 umeandikwa katika kumbukumbu za ligi kwa jina la Tanzania Prisons, lakini mahali ulipopatikana ni Sumbawanga.

## Tazama pia

- Sumbawanga
- Mkoa wa Rukwa
- Uwanja wa Sokoine
- Ligi Kuu Tanzania Bara
- Tukuyu Stars
- Namungo F.C.